Jiko la kitako: uzuri ulitangulia, moshi ukakosa njia

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika karakana ndogo kaskazini-mashariki mwa Marekani, upande ambao bado zipo nyumba zinazopashwa joto kwa makaa ya mawe. Tulikuwa mafundi watatu, nami nikiwa mmojawao. Nimeondoa jina la mwenye jiko, mji wake, kiwanda kilichosubu jiko, yaani kilichomimina chuma chake kilichoyeyushwa kwenye kalibu, na jina lililochorwa mlangoni, kwa kuwa majiko ya aina hiyo yaliyobaki si mengi na wakusanyaji hujuana. Mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa. Makosa yalikuwa yetu wenyewe, na mawili kati yake yalikuwa yangu.

Jiko lenyewe

Jiko hili lilisubiwa mwishoni mwa karne ya 19. Ni la aina ambayo hapa nitaiita jiko la kitako. Kwa nje linafanana na mnara mdogo: miguu iliyopinda, maua yaliyochorwa kwenye chuma, mikanda ya nikeli, na vidirisha vya ulanga, madini yanayochanika kuwa tabaka nyembamba zinazopitisha mwanga, vikizunguka kifua chake. Ulanga ulichaguliwa kwa sababu kioo cha kawaida hupasuka kwa joto, ilhali ulanga hustahimili na bado huonyesha moto.

Akili ya jiko imo ndani. Katikati unaning'inia mtungi wa chuma unaojazwa makaa kwa juu. Chini ya mtungi kuna chungu cha moto, na makaa hushuka yenyewe kadiri yale ya chini yanavyoungua. Nyuma kuna njia mbili za moshi, na kilango kimoja kinachoamua moshi upite wapi. Kikiwa wazi, moshi hupanda moja kwa moja kwenda kwenye dohani. Hiyo ni njia fupi, ya kuwashia. Ukikifunga, moshi hulazimika kushuka hadi kwenye kitako, kukizunguka kwa kuongozwa na ukuta wa ndani, kisha kupanda tena kwa njia ya pili. Safari hiyo ndefu ndiyo huacha joto chumbani badala ya kulipeleka angani. Kitako kikiwa kizima, unaweka miguu yenye baridi karibu nacho na unaelewa mara moja kwa nini watu walilipenda jiko hili.

Majiko haya yalitengenezewa anthrasaiti, makaa magumu yanayong'aa yanayochimbwa kaskazini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania. Anthrasaiti ina kaboni ya asilimia 86 au zaidi na gesi kidogo sana, kwa hiyo ni ngumu kuwasha na haitoi moshi mzito. Mwaka 1808 Jesse Fell wa Wilkes-Barre alionyesha kwamba makaa hayo huungua vizuri kwenye wavu ulio wazi kwa chini, hewa ikipanda katikati yake. Baada yake alikuja Eliphalet Nott, mkuu wa chuo cha Union huko Schenectady, aliyebuni jiko la anthrasaiti, na miji ya Albany na Troy katika jimbo la New York ikawa vitovu vya kusubu majiko. Historia hii naitaja kwa sababu ya jambo moja tu: hewa ya anthrasaiti lazima itoke chini, na ipite kwenye makaa yenyewe. Jiko lenye mwanya mahali pasipotakiwa huipa hewa njia ya mkato, na moto hufa huku ukilitazama jiko lisilo na kasoro machoni.

Lilivyofika kwetu

Mwenye jiko alilirithi likiwa ghalani kwenye sakafu ya udongo. Alitaka mambo mawili: lirudi kung'aa kama lilivyokuwa, na liwashwe sebuleni wakati wa baridi. Mkusanyaji anayetaka pambo tu ni mteja mwepesi. Anayetaka pambo tu lakini akasema atawasha ni mteja hatari. Huyu alimaanisha yote mawili, na tulimwamini.

Tulichokiona siku ya kwanza ni hiki. Pete ya juu ya chungu cha moto ilikuwa imepasuka vipande viwili. Mlango wa mbele ulikuwa na ufa kwenye pambo la kona. Ubao wa chuma wa ubavuni ulikuwa na ufa mwembamba wenye urefu wa kidole, usiofika ukingoni. Nikeli ilikuwa imechubuka na kutoboka kwa kutu. Mtu fulani zamani alilipaka jiko zima rangi ya fedha. Kidirisha cha ulanga hakikubaki hata kimoja. Kitako kilionekana kizima: kizito, kikavu, viungo vyake vimejazwa saruji ya jiko ya kijivu, ngumu kama jiwe.

Kwenye daftari la ukaguzi, mbele ya neno "kitako", niliandika neno moja: "sawa".

Kulifungua

Majiko ya namna hii hayakuchomelewa. Mbao zake za chuma, zenye unene wa milimita 5 hivi, hushikana kwa mifereji, saruji na bolti ndefu zinazovuta juu na chini. Baada ya zaidi ya miaka mia, bolti na nati huwa kitu kimoja.

Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna bolti itakayolazimishwa kwa spana. Chuma cha kusubu hakipindi kwanza ndipo kivunjike, huvunjika tu. Kila nati ilipata mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, kisha moto wa gesi juu ya nati pekee mpaka ikawa nyekundu, ikaachwa ipoe, ikajaribiwa. Zilizokataa tulizikata kwa msumeno au kuzitoboa kwa keekee. Bolti mpya ni kitu rahisi, lakini sikio la chuma lililoshikilia bolti hiyo halinunuliki popote.

Hata hivyo tulivunja sikio moja. Fundi mwenzangu aliligonga kwa nyundo ya mpira, kidogo tu, kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja jioni na zilibaki bolti mbili. Sitaki kulirefusha hilo. Kila aliyewahi kufungua jiko la zamani anayo saa kumi na moja yake.

Kila kipande kilipigwa picha kabla na baada ya kutoka, kikafungiwa kibao cha bati chenye namba iliyogongwa kwa patasi. Karatasi haziishi kwenye karakana yenye mafuta na maji. Namba zilizosubiwa nyuma ya vipande nazo tuliziandika, maana ndizo zinazokuambia kama kipande ni cha jiko hilo au kiliazimwa kutoka jiko lingine. Vipande viwili vya jiko hili vilikuwa vya kuazima.

Vumbi lisilotakiwa mapafuni

Kwenye kingo za mlango kulikuwa na kamba nyeupe iliyokauka. Tulisimamisha kazi. Tuliilowesha, tukapeleka kipande maabara, na jibu likarudi: asbestosi, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Watu wenye leseni walikuja kuiondoa. Rangi ya fedha nayo ilipimwa na kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo hakuna aliyeikwangua ikiwa kavu. Uamuzi huu ulitugharimu wiki mbili na haukumfurahisha mtu yeyote, lakini sioni namna nyingine. Jiko hili lilikuwa limekaa zaidi ya miaka mia. Halikuwa na haraka kuliko mapafu yetu.

Kwa kutu tulitumia njia mbili. Vipande vikubwa vilivyo bapa vilipigwa kwa upepo na shanga ndogo za kioo, si mchanga. Vumbi la mchanga huharibu mapafu, na punje zake kali hufuta michoro midogo. Vipande vyenye maua tuliviweka kwenye pipa la maji yenye sodiamu kaboneti, kila kipande kikiunganishwa kwenye ncha hasi ya chaja ya volti 12 na bamba la chuma cha kawaida kwenye ncha chanya. Umeme huilegeza kutu bila kukila chuma chenyewe. Mambo mawili ya kuzingatia: bamba lisiwe la chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji, na pipa likae nje, kwa kuwa mapovu yale ni haidrojeni.

Kitako hakikuingia pipani. Kilikuwa kikubwa mno, kilikuwa "sawa", na saruji yake ilikuwa imekaza. Tulikipiga shanga upande wa nje tu, tukakiweka kando.

Nyufa tatu, maamuzi matatu

Sehemu hii ndiyo iliyotuzungumzisha zaidi, na bado naiona ndiyo yenye mafunzo mengi kwa anayeanza.

Ufa wa mlango ulikuwa kwenye pambo, mbali na moto. Tuliulehemu kwa fimbo ya shaba iliyochanganywa na zinki. Kulehemu kwa shaba hakuyeyushi chuma chenyewe: shaba hiyo huyeyuka karibu nyuzi 900 za Selsiasi, chuma cha kusubu huanza kuyeyuka karibu 1,150. Kwa hiyo chuma hakishtuki sana, na kiungo hushika vizuri. Tulipasha mlango mzima polepole, tukalehemu, tukaufukia kwenye majivu makavu upoe usiku kucha. Ulitoka vizuri.

Pete ya chungu ilikuwa hadithi nyingine. Shaba haifai pale, maana kitanda cha anthrasaiti iliyoshika kinaweza kupita nyuzi 1,000, na kiungo kingedondoka chenyewe. Tukaamua kuchomelea kwa fimbo za nikeli, ambazo hustahimili joto hilo na hubaki laini kiasi cha kufuata chuma kinapotanuka. Tulifanya kila kitu kama inavyopaswa: kutengeneza mfereji wa V, kupasha moto kwanza, kuchomelea vipande vifupi vya sentimita mbili na nusu, kugongagonga kila kipande kikiwa bado moto ili mkazo utoke. Tukafukia kwenye majivu. Asubuhi tulipoitoa ilionekana nzima. Tulipoiweka mezani ikalia "ting", sauti ndogo kama kijiko kwenye glasi, na ufa mpya ukajitokeza milimita chache pembeni ya ule wa zamani.

Chuma cha pete ile kilikuwa kimeungua. Chuma cha kusubu kinachochomwa na kupoa maelfu ya mara huvimba, huota oksidi ndani ya mishipa yake ya grafaiti (kaboni laini iliyomo ndani ya chuma), na mwisho hakibaki chuma cha kuchomelea. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: tulipokipiga tupa, unga wake ulikuwa mweusi na wa kuvunjikavunjika, si chenga za kijivu. Tuliiona dalili hiyo, tukaipuuza kwa sababu tulitaka kubaki na kipande cha asili. Tamaa ya "asili" huwapofusha wakusanyaji, na sisi hatukuwa tofauti nao.

Basi tukaipeleka pete kwenye kiwanda cha kusubu ili itumike kama kielelezo. Walibana vipande viwili pamoja, wakavigandamiza kwenye mchanga, wakamimina. Iliporudi ilikuwa nzuri kupindukia, lakini haikukaa. Masikio ya bolti hayakulingana na matundu, na ukiisukuma upande mmoja, upande wa pili ulibaki na mwanya wenye umbo la mwezi mwandamo.

Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Chuma kikitoka kwenye hali ya kuyeyuka hadi kupoa, husinyaa kwa karibu asilimia 1. Pete yetu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 38, kwa hiyo nakala ilipungua karibu milimita 4. Mafundi wa kutengeneza vielelezo wamelijua hili kwa vizazi vingi. Wana rula maalumu ambayo alama zake zimetanuliwa tayari kufidia kusinyaa huko. Kiwanda kilifanya tulichoomba. Mimi ndiye niliyeomba "nakala ya hii" bila kusema chochote kuhusu kipimo cha mwisho. Mara ya pili tulitengeneza kielelezo cha mbao kwa rula hiyo, tukaongeza unene kidogo mahali pa kukalia ili tupate cha kusaga. Pete ya pili ilikaa kama iliyozaliwa pale.

Ufa wa tatu, ule mwembamba wa ubavuni, tuliuacha. Haukufika ukingoni, haukupitisha mwanga wa tochi, na ulikuwa mahali pa joto la wastani. Kuuchomelea kungeweza kuleta nyufa nyingine mbili. Tulichora alama kwa kalamu ya chuma kwenye ncha zake zote mbili, tukaandika tarehe kwa ndani.

Nikeli

Vipande vya nikeli vilikwenda kwa fundi mwingine, akaondoa nikeli ya zamani, akasaga mashimo ya kutu, akapaka shaba kwanza kisha nikeli juu yake. Vilirudi vikiwa vioo. Mwenye jiko alipoviona alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni lini ataliona jiko likiwa limesimama.

Swali hilo ndilo lililotupotosha. Tulipaswa kulifunga jiko bila mapambo, kulijaribu, ndipo tulivishe. Badala yake tulilifunga lote. Weusi wa jiko tuliupata kwa dawa ya grafaiti iliyosuguliwa kwa brashi, siyo rangi ya kopo. Hapo kuna ladha ya mtu: rangi ya joto kali hukaa muda mrefu zaidi, grafaiti huonyesha michoro vizuri zaidi. Vidirisha vipya vya ulanga viliwekwa kwa kulegea kidogo ili vipate nafasi ya kutanuka. Lilipendeza mno. Picha zilipigwa.

Moto wa kwanza

Kwa bahati, tulikuwa na desturi moja nzuri: jiko halitoki karakanani kabla ya kuwashwa nje uwanjani, likiwa na bomba la moshi la muda la mita tatu. Tuliwasha kwa kuni, tukaongeza anthrasaiti kidogo kidogo hadi kitanda kikawa chekundu kuanzia chini. Kwa njia fupi, kila kitu kilikwenda. Ndimi za bluu zilicheza nyuma ya ulanga, nasi tukapongezana.

Kisha tukafunga kilango ili moshi uzunguke kitako.

Ndimi zikalala. Kipima mvuto, yaani nguvu ya dohani kuvuta moshi, kilichokuwa kwenye bomba kilionyesha inchi 0.02 za maji, yaani paskali 5 hivi, wakati majiko mengi ya anthrasaiti hutaka kati ya 0.04 na 0.06. Kitako, ambacho kilipaswa kuwa moto, kilibaki baridi kama kilivyokuwa asubuhi. Nusu saa baadaye kipima kaboni monoksidi tulichokiweka karibu na kiungo cha nyuma kikaanza kulia.

Gesi hiyo huua, na haina harufu wala rangi. Kama jaribio lingefanyika sebuleni usiku, bila kipima, kisa hiki kingeandikwa na mtu mwingine.

Mwanzoni tulilaumu bomba fupi la muda. Kweli lilikuwa fupi. Tukaliongeza, mvuto ukapanda kidogo kwa njia fupi, lakini kwa njia ndefu haukubadilika. Hapo ndipo mdogo wetu, aliyekuwa na miezi minne tu kazini, alipouliza: kama moshi unapita kwenye kitako, mbona kitako ni baridi? Sote wawili wakubwa tulikuwa tumelijua jibu bila kulitamka. Moshi haukuwa unakizunguka.

Kilichokuwa chini ya saruji

Tulilivua tena. Mikanda miwili ya nikeli ilichubuka katika kuvua, na mkwaruzo mmoja bado upo. Tulipokigeuza kitako na kuanza kuchokonoa ile saruji ya kijivu, chenga za ukuta wa ndani zilitoka nayo.

Ukuta haukuwepo tena. Ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukabaki ukingo wa juu na vipande viwili vya chini, na fundi wa zamani aliziba pengo kwa saruji tupu. Sababu yenyewe haikuwa ngeni. Majivu ya makaa ya mawe yana salfa. Yakiachwa kwenye jiko majira yote ya joto, hunyonya unyevu wa hewa na kutengeneza tindikali, na chuma huliwa kimyakimya. Kitako ndicho mahali pa chini kabisa, ndicho hupokea majivu mepesi yanayobebwa na moshi, na ndicho hakuna anayekikumbuka kukisafisha. Kwa ghala la sakafu ya udongo, unyevu ulikuwa wa kutosha. Saruji ilipopata joto la kwanza ilipasuka, moshi ukakatiza kutoka njia ya kushukia hadi ya kupandia, na kiungo cha nyuma kikafunguka.

Kiungo hicho kinahitaji maelezo, maana watu wengi hudhani mwanya kwenye jiko hutoa moshi nje tu. Dohani inapovuta vizuri, mwanya huingiza hewa ya chumba ndani. Hewa hiyo ya baridi haipiti kwenye makaa; huenda moja kwa moja kwenye dohani na kuipoza. Dohani ikipoa, mvuto hupungua. Mvuto ukipungua mno, mwanya uleule hugeuka na kuanza kutoa gesi chumbani. Ndiyo maana jiko linalovuja linaweza kuonekana salama jioni, moto ukiwa mkali, na kuwa hatari alfajiri, moto ukiwa umelala.

Uamuzi wa kurekebisha ulikuwa wepesi kuliko wa pete. Moshi ukifika kitakoni umeshapoa sana ukilinganisha na chungu cha moto, na ukuta ule hauonekani na mtu. Hatukusubu kipya. Tulikata bamba la chuma cha pua lenye unene wa milimita 3, tukalipinda kufuata alama za ukuta wa zamani, tukalifunga kwa bolti ndogo kwenye mabaki, tukaziba kingo kwa saruji mpya ya jiko iliyoachwa ikauke polepole kwa siku tatu. Bolti hatukuzikaza sana, kwa kuwa chuma cha kusubu kinahitaji nafasi ya kutanuka. Upande wa ndani tuligonga mwaka na maneno "si ya asili", ili atakayelifungua baada yetu asipoteze siku akijiuliza.

Safari hii, kabla ya pambo lolote kurudi, tuliingiza taa kali ndani ya kitako usiku, karakana ikiwa giza, tukazunguka kutafuta mwanga kwenye viungo. Vilionekana vimwanga viwili vyembamba, tukaviziba. Kisha tukawasha kidonge cha moshi ndani, tukafunga matundu yote, tukaangalia. Kazi yote hiyo ilichukua saa mbili.

Matokeo

Moto wa pili, njia ndefu: inchi 0.05. Kitako kilipata moto ndani ya saa moja, kwanza upande wa kushuka, kisha mbele, kisha upande wa kupanda, kama moshi unavyosafiri.

Kabla ya kuliweka sebuleni, dohani ya nyumba ilikaguliwa na kuwekewa bomba jipya la ndani, na vipima viwili vya kaboni monoksidi vikafungwa, kimoja karibu na vyumba vya kulala. Mwenye jiko tulimfundisha mambo ambayo jiko la kuni humzoesha mtu kinyume chake: asichokonoe makaa kwa juu, atikise wavu mpaka vijinga vyekundu vidondoke kwenye trei, asifukie moto wote kwa makaa mapya mara moja. Akiacha kona moja nyekundu, ndimi za bluu hubaki hai na huchoma gesi inapotoka. Akizizima zote, gesi hujikusanya na inaweza kulipuka kwa kishindo ndani ya jiko. Na majivu yatoke yote mwisho wa msimu, kitako kikiwemo.

Jiko limewaka misimu miwili ya baridi. Kidirisha kimoja cha ulanga kilipasuka kwa sababu hicho, tofauti na vingine, tulikibana.

Uchambuzi

Tukitazama muda uliotumika, karibu nusu ya saa zetu zilikwenda kwenye vitu vinavyoonekana, na kitu kilichoamua kama jiko ni jiko au sanamu kilipata neno moja daftarini. Hatukukosa ujuzi. Tulijua kitako kinafanya nini, tulijua majivu hula chuma, tuliiona saruji ngeni. Tatizo lilikuwa kwamba tulikagua jiko kama mnunuzi anavyolikagua, kwa kuzunguka na kutazama, badala ya kufuata njia ya hewa na moshi hatua kwa hatua kutoka tundu la majivu mpaka dohani. Kama tungefuata njia hiyo kwa kidole, tungefika kwenye saruji na kuuliza imefunika nini. Wahenga wa baharini walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi tuliishia ngamani kwa jiko, baada ya kuzunguka mapambo yote.

Saruji nyingi kwenye jiko la zamani siku hizi naihesabu kuwa kasoro mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saruji ni ya kuziba kiungo kati ya vyuma viwili. Ikisimama peke yake badala ya chuma, kuna kitu kimefichwa, hata kama aliyeificha hakuwa na nia mbaya.

Kilichofanya kazi bila mjadala: kibao cha namba kwa kila kipande, kusimamisha kazi kwa ajili ya asbestosi, kukata bolti badala ya kupigana nazo, na moto wa majaribio wa nje. Huu wa mwisho ndio uliotuokoa, ingawa uliwekwa mahali pabaya kwenye mpangilio. Ungetangulia nikeli, tungepoteza siku moja badala ya wiki tatu na mikwaruzo miwili.

Kuhusu pete, naona tulikosea mara mbili kwa chanzo kimoja. Kuchomelea chuma kilichoungua na kunakili kipande bila kufidia kusinyaa, vyote vilitokana na kutaka kukwepa kazi ya kutengeneza kielelezo cha mbao. Kuna wenzangu wanaodai kwamba jiko lenye chungu kipya si la kale tena. Siwafuati. Chungu na wavu vilikuwa vya kubadilishwa tangu siku ya kwanza. Viwanda viliuza vipuri vyake kwa namba. Pambo la mlangoni ndilo lenye jiko, na hilo tulilihifadhi kwa shaba.

Jambo moja bado tunabishana. Mkubwa wetu huamini kwamba ufa wa ubavuni tungeuzuia tangu mwanzo kwa kutoboa tundu dogo kwenye ncha zake, ili mkazo usipate pa kuendelea. Mimi nilisema tusiguse kisichoumwa. Msimu wa kwanza ulipoisha, ufa ulikuwa palepale kwenye alama. Msimu wa pili, mwenye jiko alipolisafisha, aliona ncha ya juu imevuka alama kwa milimita 6. Tulikwenda na keekee, tukatoboa tundu la milimita 3 mbele kidogo ya ncha, tukaliziba kwa saruji, tukachora alama mpya na tarehe mpya. Ncha ya chini haijasogea.